Watson, Suter au Madden: Uanze na Nani Ukitaka Kuijua Soka ya Mwanzo ya Uskoti?

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Mwezi uliopita alikuja na daftari akaniambia, "Mjomba, mwalimu anataka tuandike maisha ya mwanasoka mmoja wa karne ya 19. Nimepata watatu, wote Waskoti, sasa nimekwama." Majina yenyewe yalikuwa Andrew Watson, Fergus Suter na Jake Madden. Nilidhani nitamjibu kwa dakika mbili. Tulianza baada ya magharibi, na adhana ya isha ikatukuta bado tunabishana.

Nimeandika haya kwa sababu najua hajakwama peke yake. Kocha wa timu ya watoto anayetaka kuwapa vijana wake hadithi moja ya kushika, mtangazaji mwenye kipindi cha nusu saa, mwalimu wa historia, hata shabiki tu anayependa kujua mchezo wake ulianzia wapi: wote watafika kwenye njia panda hii. Muda unatosha mtu mmoja. Umchukue nani?

Kwanza, kwa nini Uskoti? Sheria za soka ziliandikwa London mwaka 1863, lakini mpira tunaoutambua leo, mpira wa kupeana pasi, uliiva Glasgow. Klabu ya Queen's Park ilianzishwa huko tarehe 9 Julai 1867. Tarehe 30 Novemba 1872, kwenye uwanja wa kriketi wa Partick, Uskoti na England zilicheza mechi ya kwanza ya kimataifa, watazamaji wapatao 4,000 wakiwa wamezunguka uwanja, na matokeo yakawa 0-0. Wachezaji wote 11 wa Uskoti walitoka Queen's Park. Waingereza walikuwa na miili mizito zaidi, na mtindo wao ulikuwa mtu kuuchukua mpira na kukimbia nao kwa chenga mpaka anyang'anywe. Waskoti walijibu kwa kugawana mpira. Watu wetu watatu wote walikulia ndani ya wazo hilo, kisha kila mmoja akalipeleka upande wake.

Tutawapima kwa nini

Nilimwambia mpwa wangu asiulize nani alikuwa bora. Hakuna picha za mechi zao, na mabeki wawili na mshambuliaji mmoja hawapimwi kwa mizani moja. Tukakubaliana maswali matano, yaleyale kwa kila mmoja: alitoka wapi, alifanya nini uwanjani, kipi kilibadilika kwa sababu yake, aliishije baada ya kuacha kucheza, na mwisho, msimuliaji hukosea wapi anapomweleza. Hilo la tano ndilo ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo linaloharibu kazi nyingi za shule na makala nyingi za magazetini.

Walikotoka

*Watson* alizaliwa tarehe 24 Mei 1856 huko Demerara, kwenye koloni la Uingereza ambalo leo ni nchi ya Guyana. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa Mskoti aliyetajirika kwa biashara ya sukari. Mama yake, Hannah Rose, alikuwa mwanamke mweusi wa hukohuko. Sukari ya Demerara ilijengwa kwa migongo ya watumwa, na ingawa utumwa ulikuwa umeshafutwa katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1830, mali iliyotokana nao iliendelea kuzaa. Msomaji anayeijua historia ya mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba hahitaji kuelezwa sana habari ya mtoto wa aina hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba baba huyu alimchukua mwanawe akamsomesha: kwanza Halifax, kaskazini mwa England, kisha King's College School, London. Alipofariki mwaka 1869, alimwachia urithi wa pauni 6,000, fedha ambazo fundi wa Glasgow asingezipata kwa kazi ya maisha yake yote. Mwaka 1875 kijana akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow kusoma fizikia, hisabati na uhandisi. Baada ya mwaka mmoja akaacha. Chuo kilimkosa, mpira ukampata.

*Suter* alizaliwa Glasgow tarehe 21 Novemba 1857, akawa mwashi wa mawe. Jumamosi alicheza beki katika timu ya Partick, siku nyingine alishika nyundo na patasi. Mapema mwaka 1878 Partick ilikwenda kucheza Darwen, mji mdogo wa viwanda vya pamba huko Lancashire, kaskazini mwa England, na wenyeji wakawapenda. Oktoba mwaka huohuo Benki ya City of Glasgow ikafilisika, na kazi za ujenzi mjini zikasimama. Ukiwa mwashi katika mji ambao haujengi, na kuna watu kule Lancashire waliokuona ukicheza, utafanya nini? Suter alihamia Darwen.

*Madden* ndiye mdogo wao. Alizaliwa tarehe 11 Juni 1864 huko Dumbarton, mji wa kutengenezea meli kando ya mto Clyde, katika familia ya Kiayalandi. Alikuwa fundi wa kupigilia ribiti kwenye mabamba ya meli. Ni kazi ya kelele, ya moto na ya kuumiza mabega.

Hapa tayari wamegawanyika: mmoja ana urithi, wawili wana mikono yao tu. Kila kitu kinachofuata kinatokana na hapo.

Uwanjani

Kwenye kigezo hiki Watson ana siku moja ambayo wenzake hawana. Alianzia klabu ya Maxwell, akaenda Parkgrove, ambako pamoja na kucheza alikuwa katibu wa kupanga mechi, na mwaka 1880 akajiunga na Queen's Park, klabu kubwa kuliko zote Uskoti wakati huo. Waliomwona walimsifu kwa mambo matatu: kasi, ukabaji, na teke lenye nguvu lisilopotea. Tarehe 12 Machi 1881 aliingia uwanja wa Kennington Oval, London, akiichezea Uskoti kwa mara ya kwanza. Katika mechi yake ya kwanza ya taifa, alikuwa nahodha.

Uskoti ikashinda 6-1.

Rudia kuisoma. Mtu mweusi, aliyezaliwa na mwanamke wa Demerara, anaongoza timu ya taifa katika mji mkuu wa himaya ya Uingereza, mwaka 1881, na timu yake inaifunga England mabao sita. Hadi leo England haijawahi kupata kipigo kikubwa kuliko hicho nyumbani. Siku mbili baadaye aliongoza tena ushindi wa 5-1 dhidi ya Wales mjini Wrexham. Tarehe 11 Machi 1882, uwanja wa Hampden mjini Glasgow, England ikafungwa 5-1. Mechi tatu, ushindi mara tatu, mabao 16 ya kufunga na 3 ya kufungwa, naye akiwa beki. Pamoja na hayo alitwaa Kombe la Uskoti na Queen's Park mwaka 1881 na 1882. Kisha akahamia London, na milango ya timu ya taifa ikafungwa, kwa kuwa Uskoti ya wakati ule haikuwaita wachezaji walioishi England. Kilichokatisha safari yake ya kimataifa ni anwani ya nyumba, wala si miguu.

London alichezea klabu ya Swifts kwenye Kombe la FA, shindano la mtoano la Chama cha Soka cha England, halafu Corinthian, klabu ya wasomi na watu wa nafasi. Mwaka 1884 alikuwemo kwenye kikosi cha Corinthian kilichoifunga Blackburn Rovers 8-1. Mwaka huo Rovers ndio waliokuwa na Kombe la FA. Na Rovers ndiyo klabu ya Suter.

*Suter* hakuwahi kuichezea timu ya taifa hata mara moja, kwa sababu ileile ya kuishi England. Utukufu wake wote ni wa klabu. Msimu wa 1878-79 Darwen ilifika robo fainali ya Kombe la FA na kukutana na Old Etonians, timu ya waliosoma Eton, shule ya watoto wa mabwana. Mechi ilipangwa London. Zikiwa zimesalia kama dakika 15, Darwen ilikuwa nyuma 5-1. Wakarudisha yote, 5-5. Wenyeji wakakataa muda wa nyongeza. Mechi ya marudio ikapangwa London tena, ikaisha 2-2. Ya tatu, London vilevile, na watu wa viwandani wakiwa wamechangishana nauli kwa mara nyingine. Safari hii miguu ilikataa, wakafungwa 6-2. Ukiisimulia habari hii kwa watu wanaocheza ligi daraja la chini hapa kwetu, wanaosafiri usiku kucha kwenye basi na kushuka moja kwa moja uwanjani, utaona nyuso zinavyobadilika.

Mwaka 1880 Suter akavuka kwenda Blackburn Rovers, majirani na mahasimu wa Darwen. Darwen hawakumsamehe. Akiwa na Rovers alicheza fainali nne za Kombe la FA: walifungwa na Old Etonians 1-0 mwaka 1882, kisha wakashinda mara tatu mfululizo, 1884, 1885 na 1886. Fainali mbili za kwanza kati ya hizo tatu waliifunga Queen's Park ya Glasgow, 2-1 na 2-0. Yaani mwashi aliyetoka Glasgow kutafuta riziki aliishinda klabu kubwa ya mji wake, mara mbili, mbele ya England yote.

*Madden* alikuwa mshambuliaji. Alikuwemo kwenye kikosi cha Celtic, klabu ya Glasgow, katika mechi ya kwanza kabisa ya klabu hiyo, tarehe 28 Mei 1888, walipoifunga Rangers 5-2, akachukua nao ubingwa wa ligi ya Uskoti katika misimu ya 1892-93, 1893-94 na 1895-96. Kwa taifa alicheza mechi mbili tu, zote dhidi ya Wales, na katika ile ya 1893, iliyoisha 8-0, alifunga mabao manne. Rekodi nzuri, lakini nakiri kwamba ukimchukua Madden kwa ajili ya uwanjani pekee utakuwa umechukua ganda na kuacha nazi.

Kilichobadilika kwa sababu yao

Sasa zamu ni ya Suter, nami nitakaa hapa kidogo.

Mchezo wa siku hizo ulikuwa wa ridhaa, angalau kwa maandishi. Kumlipa mchezaji kulikuwa kosa. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa watu ambao hawakuhitaji kulipwa: wana wa wenye mashamba, mawakili, maofisa wa jeshi. Kwa mwashi, kuacha kazi Jumamosi ili asafiri kwenda kucheza kulimaanisha mshahara uliokatwa. Kwa hiyo klabu za Lancashire, zilizoendeshwa na wenye viwanda na kujazwa na mashabiki waliolipa kiingilio, zilianza kulipa chinichini. Mchezaji alipewa kazi ya jina tu, au bahasha baada ya mechi. Suter, baada ya kufika Darwen, aliacha kazi ya uashi. Maelezo yake yakawa kwamba mawe ya England ni magumu mno kuyachonga. Basi akaendelea kula, kuvaa na kulipa pango bila kazi inayoonekana, na kila mtu mjini akajua fedha zinatoka wapi.

Hakuwa peke yake. Mskoti mwenzake, Jimmy Love, alikuwa naye Darwen, na wengi wakafuata njia hiyohiyo hadi miji ya pamba ikajaa Waskoti. Ubishi ulipopamba moto mwaka 1884, Preston North End ilitolewa kwenye Kombe la FA, na kiongozi wake, William Sudell, akakiri wazi kwamba wanalipa wachezaji, kwa sababu kila mtu anafanya hivyo. Klabu za kaskazini zikatishia kujitoa na kuunda chama chao. Tarehe 20 Julai 1885 Chama cha Soka cha England kikasalimu amri na kuhalalisha mchezaji wa kulipwa. Uskoti yenyewe ilisubiri hadi 1893. Queen's Park haikubadilika kabisa: ilibaki klabu ya ridhaa mpaka ilipopiga kura ya kuachana na msimamo huo mwaka 2019.

Kwa hiyo kila kijana anayesaini mkataba leo, hata wa laki chache kwa mwezi, anapita kwenye mlango ambao watu kama Suter waliusukuma kwa mabega. Hawakuandika ilani wala kugoma. Walihitaji kula tu.

*Watson* alibadilisha nini? Swali hili ni zito zaidi kuliko linavyoonekana, na ndipo nilipobishana na mpwa wangu. Yeye alisema Watson alifungua njia. Mimi nikamuuliza: njia gani, ikiwa hakuna aliyepita? Mtu mweusi wa pili kuichezea Uskoti, Nigel Quashie, aliitwa mwaka 2004, miaka 122 baada ya mechi ya mwisho ya Watson. England ilimwingiza Viv Anderson mwaka 1978. Watson alionyesha kwamba jambo linawezekana, kisha jambo likafungwa, na yeye mwenyewe akasahauliwa kwa muda mrefu kiasi kwamba kaburi lake huko Richmond, London, lilikaa bila kuangaliwa. Kusahauliwa huko ni sehemu ya hadithi yake, na nadhani ndiyo sehemu inayouma kuliko zote.

Lakini kuna jambo moja alilolifanya ambalo halihitaji mtu wa kumfuata ili liwe na maana. Novemba 1881 alikuwa katibu wa Queen's Park. Katibu wa klabu, enzi zile, ndiye aliyepanga mechi, kuandika barua na kusimamia shughuli za klabu. Watu wale hawakumpa mpira akimbie nao tu. Walimkabidhi na ofisi.

*Madden* alibadilisha nchi nzima, na nchi hiyo haikuwa yake. Mwaka 1905 alikwenda Prague kuifundisha Slavia. Alikaa kwenye kazi hiyo hadi 1930: miaka 25, klabu moja. Alifika na mpira wa pasi wa Uskoti, akausisitiza pamoja na mazoezi ya mwili, ulaji na kukanda misuli, mambo ambayo makocha wengi wa wakati huo hawakuyajali. Slavia ikawa bingwa wa Chekoslovakia mwaka 1925, 1929 na 1930. Mwaka 1934 Chekoslovakia ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia na Italia huko Roma, golikipa na nahodha alikuwa František Plánička, na aliyefunga bao lao katika kipigo cha 2-1 alikuwa Antonín Puč. Wote wawili walipita mikononi mwa Madden pale Slavia.

Baada ya kuacha kucheza

Watson alifiwa na mkewe wa kwanza, Jessie, mwaka 1882, wakati wa kuhamia London. Aliachiwa watoto wawili. Mwaka 1887 alioa tena, na mwaka huohuo akacheza Bootle, jirani na Liverpool. Baadaye akawa mhandisi wa meli, akasafiri baharini kwa miaka, kisha akarudi kuishi London. Alifariki kwa nimonia tarehe 8 Machi 1921, akiwa na miaka 64. Kwa mtu aliyeacha masomo ya uhandisi chuoni akiwa kijana, kuurudia uhandisi ukubwani kwa mitihani na kazi ngumu kunanigusa.

Suter aliendesha hoteli huko Lancashire, akafariki Blackpool tarehe 31 Julai 1916. Hakurudi kuishi Glasgow.

Madden, kama nilivyosema, maisha yake makubwa yanaanza wengine wanapomalizia. Alipofika Prague mji ulikuwa chini ya Austria-Hungaria. Mwaka 1918 ukawa mji mkuu wa Chekoslovakia. Mwaka 1939 jeshi la Ujerumani likaingia, naye alikuwemo, mzee wa miaka 74. Februari 1948 wakomunisti wakashika dola. Madden akafariki tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, na akazikwa makaburi ya Olšany, mjini humohumo. Tawala nne, mji mmoja, na Wacheki wakimwita *dědek*, neno ambalo sisi tungelitafsiri kwa urahisi: Mzee.

Msimuliaji hukosea wapi

Kwa Watson, kosa la kwanza ni kumwita mtu mweusi wa kwanza kucheza soka. Robert Walker alikuwa akicheza Glasgow katika miaka ya 1870, kabla Watson hajavuma. Sema hivi: mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa, hapo utakuwa salama. Kosa la pili ni kumchanganya na Arthur Wharton, golikipa aliyezaliwa Accra, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetajwa kuwa mweusi wa kwanza kulipwa. La tatu ni kumfanya maskini aliyepanda kutoka mavumbini. Watson alikuwa na fedha na elimu, na ukiificha mali yake umeificha pia sukari iliyoileta.

Kwa Suter, wengi humwandika kuwa alitoka Partick Thistle. Siyo. Partick na Partick Thistle zilikuwa klabu mbili. Wengine humpa Kombe la FA la 1883. Lile lilichukuliwa na Blackburn Olympic, klabu nyingine ya mji uleule. Na uangalie neno "wa kwanza kulipwa". Malipo yalikuwa ya siri, hivyo hakuna stakabadhi, na kuna Mskoti mwingine, James Lang, aliyekwenda Sheffield mwaka 1876, kabla yake. Ukitaka kumtendea haki Jimmy Love pia, mtaje: alijiunga na jeshi la majini la Uingereza, akafia Misri mwaka 1882, miaka mitatu kabla ya malipo kuhalalishwa.

Kwa Madden, chunga hadithi tamu. Husimuliwa kwamba Slavia walimtaka mchezaji wa Rangers, Robertson, na kwamba Madden alipata kazi kwa kuvaa jezi ya mwenzake kwenye picha iliyotumwa Prague. Inapendeza kuisikia, lakini iweke mahali pake, kwenye yale "yanayosimuliwa".

Sasa, umchukue nani?

Ukiwa mwalimu wa historia, na darasa lako linasoma ukoloni au biashara ya utumwa, mchukue Watson. Maisha yake yanaunganisha shamba la miwa, shule ya London na uwanja wa Oval bila kulazimisha. Mwandishi wa makala ndefu naye atafaidika kwake, kwa kuwa mtu mwenyewe ana pande nyingi zisizolingana. Ila kama unachotafuta ni mfano rahisi wa kijana maskini aliyefanikiwa, mwache. Utamnyoosha mahali asiponyooka.

Ukiwa kiongozi wa klabu ndogo, au unaandaa kipindi cha redio kuhusu mishahara, usajili na haki za wachezaji, Suter ndiye wako. Mechi tatu za Darwen peke yake zinatosha dakika kumi za kipindi. Anafaa pia kwa watoto, kwa sababu hadithi yake ina mapambano, safari na makombe. Kasoro yake ni kwamba tunamjua kwa alichokifanya kuliko alivyokuwa. Usitegemee kupata alichokuwa akikiwaza.

Ukiwa kocha, mchukue Madden, hasa kocha unayeanza na watoto wadogo na hujui kama utaona matunda. Madden vilevile anamfaa mtu anayeishi ugenini, Muscat, Toronto au Birmingham, anayejiuliza kama atazikwa alikozaliwa au alikofanyia kazi. Wale wanaotaka mabao mengi na picha za mechi kubwa watamwona mkavu, na sitawalaumu.

Kama muda unaruhusu wawili, waunganishe Watson na Suter. Hawakutoka tabaka moja, wala hawakucheza kwa sababu moja, lakini klabu zao zilikutana mara kwa mara, na kati yao utaiona vita yote ya ridhaa na malipo. Madden anakaa vizuri peke yake.

Mpwa wangu aliondoka bila kuamua. Siku tatu baadaye akanitumia ujumbe kwamba amemwandika Suter. Nilitegemea atamchukua Watson, nikamuuliza sababu. Baba yake, yaani shemeji yangu, ni fundi mwashi. Kijana alimsomea insha sebuleni jioni ile, na alipofika pale pa mawe ya England kuwa magumu, baba akamwambia arudie kusoma hapo.